Breki za Pikapu ya Baba

Ninauza spea za magari Katoro, na nusu ya kazi yangu ni kuwazuia watu wasinunue. Mtu akija kaunta na karatasi aliyoandikiwa na fundi, huwa namuuliza swali moja kabla sijainuka kwenye kiti: gari linafanyaje? Siulizi fundi kasemaje, nauliza gari linafanyaje. Mchimbaji aliyebahatika juzi kwenye duara lake, shimo la dhahabu, hunitazama kama namchelewesha kwenye starehe. Anataka pedi, anataka laining, anataka masta nzima, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, kwa sababu ameambiwa breki zote zimekwisha. Namwambia aingie kwenye gari lake, akanyage breki, aishikilie pale pale, na ahesabu taratibu mpaka ishirini. Pedeli isipozama, masta mpya ya nini? Jirani yangu wa duka la pili husema kiburi hiki kitanifilisi. Huenda. Lakini ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea hivyo, Mungu amrehemu, alikuwa dereva asiyevaa viatu.

Baba aliendesha malori ya mizigo Isaka kwa miaka mingi kuliko yote niliyokaa mimi shuleni. Mizigo ilishushwa kwenye mabehewa pale bandari kavu, ikapandishwa kwenye malori, na malori yakaelekea magharibi kupitia Kahama na Masumbwe mpaka huko mipakani. Nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa ng'ambo ya reli. Mama aliamka na kupika uji wa mtama, baba akaunywa amesimama, na mimi nikiwa likizo nilisimama karibu naye nikinywa wangu kwa mtindo ule ule, mkono mmoja kiunoni, ili asiniache. Hata leo nikisikia behewa likigonga lenzake najisikia kama nina miaka kumi na ninachelewa safari. Ningetoa vitu vingi nilivyo navyo nirudishiwe asubuhi moja tu ya namna ile.

Kabla ya kupakia, baba alikuwa na desturi yake. Alilichukua lori likiwa tupu, lori la tani saba lililokuwa na umri karibu sawa na wangu, akalipeleka kwenye uwanja mpana nyuma ya maghala. Akivuka tu reli, alivua katambuga zake na kuzisukuma chini ya kiti. Akaendesha peku. Akaongeza mwendo kidogo, akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena polepole, uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Kisha akasema ugonjwa.

"Breki inasikika kwa unyayo, mayu," aliniambia. Alipenda kuniita mayu, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi, na mpaka anakufa sikumbuki akiniita vinginevyo.

Kwake kila ugonjwa ulikuwa na namna yake ya kugusa mguu. Pedeli ikiwa laini na ikirudi juu ukipampu, mna upepo kwenye mafuta. Ikikaa vizuri halafu ukiishikilia inazama kidogo kidogo, raba za masta zimechoka. Ikiwa ngumu kama umekanyaga jiwe, tazama busta, lile duara jeusi linalousaidia mguu kusukuma. Ikitetemeka, drami, ile ngoma ya chuma ndani ya gurudumu, imepinda. Alinikalisha kwenye kiti chake, lori limesimama na injini inaunguruma, akaniambia nivue viatu nikanyage. "Umesikia?" Nilijibu nimesikia. Sikusikia kitu. Nilikuwa namdanganya kwa moyo safi kabisa, ili asikate tamaa na mimi. Ilichukua likizo tatu mpaka siku moja unyayo wangu ukasikia kweli ule utelezi mdogo, pedeli ikishuka chini ya vidole vyangu kama mtu anayesinzia. Nikapiga kelele. Baba akacheka mpaka akashikilia mlango.

Gereji za Kahama zilimjua. Mafundi walipobishana juu ya gari walimtuma mtu kumfuata, naye alikuja, akavua, akaendesha kutoka kwenye geti mpaka kwenye mashine za kukoboa mpunga na kurudi. Akishuka alisema neno moja: gurudumu la nyuma, kushoto. Wakifungua, kweli, silinda ya lile gurudumu ilikuwa imelowa. Wakampigia makofi, na mimi nikajiona mkubwa kuliko watoto wote wa Isaka.

Kitu kimoja kilimkera kuliko vyote. Nchi yetu ni tambarare, mtu anaweza kuendesha siku nzima bila kuona mteremko wa maana, na madereva wengi wamezoea kuishi na breki nusu. Gurudumu moja likivuja, fundi wa njiani analiponda bomba lake kwa nyundo mpaka linajiziba, na gari linaendelea na breki za magurudumu matatu. Mwezi, mwaka, mpaka litakapouzwa kwa mtu wa Geita mwenye vilima vyake. Baba aliwahi kumrudishia tajiri wake ufunguo wa lori kwa sababu hiyo na kukaa nyumbani miezi miwili. Mama alinung'unika kidogo, kisha akanyamaza, akaanza kuuza maandazi.

Alipostaafu walihamia Ushetu, kwenye mashamba ya ukoo wa mama. Walilima tumbaku, mpunga kidogo, na wakafuga ng'ombe ambao baba alijifanya anawajua. Fedha yake ya akiba aliinunulia pikapu ya Kijapani, nyeupe, iliyotumika, na alipoileta nyumbani alianza kwa kufungua magurudumu yote manne kabla hata hajamwonyesha mama viti. Ile pikapu ikawa gari la kitongoji kizima. Ilibeba mizigo ya tumbaku, kwaya ya kigango, majeneza, na zaidi ya yote ilibeba akina mama wenye uchungu kwenda kituo cha afya. Baba hakuwahi kusema kwamba alikuwa anajivunia, lakini watoto waliozaliwa baada ya safari zake aliwajua wote, na alisimama njiani kuwauliza wanaendeleaje na shule. Hilo nalisema mapema ili ieleweke. Bila ile pikapu, baba angekuwa mzee mwingine tu mwenye ng'ombe asiowajua.

Kisha zikaanza simu.

"Mayu, breki za huku hazinisikilizi."

"Pedeli inafanyaje, baba?"

"Laini. Kama nakanyaga pamba."

Nilikuwa na duka tayari, na kichwa changu kilikuwa kikubwa. Nikajibu bila kufikiri kwamba huo ni upepo. Nikamtumia mafuta ya breki kwa basi mpaka Kahama, fundi wake akatoa upepo, ikawa nafuu. Baada ya wiki chache, pamba tena. Nikatuma raba za masta. Pamba. Nikatuma pedi za mbele, laining za nyuma, kisha masta nzima, kisha busta, ambayo nilimtafutia Mwanza kwa sababu sikuwa nayo. Kila kitu nilikifunga mwenyewe kwenye boksi, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikamkabidhi kondakta. Na niseme ukweli unaoniuma: nilikuwa nafurahi. Baba ambaye maisha yake yote hakuniomba hata kiberiti, sasa alikuwa ananihitaji kila mwezi. Nilijisifu kwa wateja kwamba mzee wangu hanunui spea kwa mtu mwingine.

Asubuhi moja akapiga mama. Mama hapigi simu asubuhi, ana kuku, ana moto, ana mambo yake.

"Baba yako kanikosa kidogo tu hapa getini," alisema.

Geti lao lilikuwa la miti miwili ya kulala, na mama ndiye aliyeifungua kila baba aliporudi. Siku hiyo aliondoa miti, pikapu ikaja, na badala ya kusimama kumsubiri apishe, ikamjia. Akarukia kwenye michongoma. Pikapu ikagonga nguzo, ikazimika.

"Umeumia?"

"Miiba tu. Yeye anasema ni breki. Amekwisha ipeleka Kahama, kaivuta kwa trekta la jirani. Njoo uziangalie hizo breki zako."

Nililisikia lile zako. Kila kilichokuwa kwenye breki za gari lile kilitoka kwenye rafu zangu. Kama nilikuwa nimeuziwa masta bandia, nami nikampa baba masta bandia, basi ningekuwa nimemuua mama yangu kwa boksi nililolifunga kwa mikono yangu. Nilifunga duka mchana ule ule, nikapanda basi.

Fundi wa baba ni mtu mzima, kichwa kimeanza mvi. Alianza ufundi enzi zile za lori, akiosha nati kwa mafuta ya taa wakati baba anapima magari ya watu. Nilimkuta baba pale gereji, Kahama, amekaa kwenye tairi kuukuu kivulini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaniuliza habari za njia. Fundi akanipa karatasi. Drami mbili za nyuma. Silinda zake. Mabomba yote. Masta nyingine.

"Gari linafanyaje?" nikamuuliza.

"Mzee anasema pedeli haipo kabisa."

"Na wewe ukikanyaga?"

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli yake, mkono mmoja kisha wa pili, ingawa yote ilikuwa safi.

"Wewe umeikanyaga, kaka?"

"Dada," akasema akinisogelea ili baba asisikie, "mimi nimkanyagie mzee breki yake, halafu nimwambie nini? Yule ndiye aliyenifundisha. Akisema ni masta, nafunga masta."

Sikujua nicheke au nimpige na spana. Miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa ameipima ile pikapu isipokuwa baba. Fundi alifunga alichoambiwa na baba, mimi nikatuma alichoniambia baba, na sote wawili tulikuwa mafundi hodari mno wa kupima magari ya watu wengine.

"Pandisha jeki," nikamwambia. "Tunafungua yote."

Tukafungua. Laining zilikuwa nene, hazijala hata robo. Drami zilikuwa laini kwa ndani, nilizipitishia kidole mzunguko mzima na sikukuta ukingo wala mchirizi. Nilifunua raba za silinda nikapenyeza kidole: pakavu. Pedi zilikuwa na siku nyingi za kuishi. Mafuta ya breki yalikuwa safi. Tukarudisha kila kitu, nikaingia ndani, nikakanyaga, nikahesabu mpaka ishirini, nikahesabu mpaka arobaini, na pedeli ikakaa pale pale. Nikazima injini, nikapampu mpaka ikawa ngumu, nikaushikilia mguu pale, nikawasha. Pedeli ikashuka kidogo kama inavyotakiwa. Busta ilikuwa nzima. Masta ilikuwa nzima, na wala haikuwa bandia. Hapo ningepaswa kushukuru Mungu, lakini sikuweza.

"Twende tukaijaribu," nikasema.

Tulitoka na fundi mpaka barabara ya vumbi, mahali pasipo na watu wala ng'ombe. Nikavua viatu. Niliongeza mwendo, nikakanyaga, na ile pikapu ikasimama imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia, na chini ya unyayo nikaisikia breki imejaa, imara, kama kiganja cha mtu anayekusalimia na kukushika kweli. Nilirudia. Nikakanyaga taratibu, nikakanyaga kwa hasira, nikajaribu kwenye mchanga, nikajaribu kwa kurudi nyuma. Nilikuwa natafuta ugonjwa. Nilikuwa nauomba. Mteja yeyote mwingine ningemwambia gari lako halidai kitu, nenda nyumbani. Lakini gari likiwa halina kosa kinabaki kitu kimoja tu cha kuulizwa, na hicho nilikuwa sitaki kukiuliza.

Fundi alikuwa anatazama mbele. "Breki nzuri hizi," akasema hatimaye, kwa huzuni, kama mtu anayetoa pole.

Tuliporudi gereji baba aliinuka kwenye tairi lake. Alikuwa amekwisha kuvua katambuga, tayari kupima mwenyewe kama zamani. Akaja kwetu akikatiza uwanja wa saruji, mguu mmoja baada ya mwingine, mwendo wake ule ule wa mtu asiye na haraka.

"Umeiona?" akaniuliza.

Nyuma yake, kwenye saruji, kulikuwa na alama. Moja kila hatua mbili, nyekundu, zimetoka kwenye tairi mpaka aliposimama.

"Baba, unatoka damu."

Akatazama chini. Aliinua mguu wa kushoto, akaugeuza, akalitafuta jeraha. Haukuwa na kitu. Ndipo akatazama wa kulia. Kipande cha bati, cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kilikuwa kimesimama kwenye unyayo. Fundi alileta maji kwenye kopo, akapiga magoti, akamwosha na kukichomoa. Baba alimtazama akifanya kazi ile kana kwamba mguu ule ni wa abiria. Hakukunja uso hata kidogo.

"Na breki?" akauliza.

"Breki ni nzima, baba. Zote."

"Kanyaga tena."

"Nimekanyaga mara kumi na zaidi."

Fundi alikuwa bado ameushika ule mguu mapajani mwake, ameufunga kitambaa, na hakuonekana kutaka kuuachia.

Siku iliyofuata nilimpeleka hospitali. Sukari ilikuwa juu sana, na daktari alisema huenda imekuwa juu kwa muda mrefu. Kisha muuguzi, binti mdogo mwenye adabu, akamwambia afumbe macho, akachukua uzi mgumu kama wa nyavu na kuanza kuugusisha kwenye unyayo wake, hapa na pale.

"Babu, ukisikia useme."

"Nasikia," alisema baba.

Akagusa kwingine. "Nasikia." Akagusa kisigino. "Nasikia." Kisha yule binti akauinua uzi juu, hajagusa kitu, akasubiri. "Nasikia," alisema baba, macho yamefumbwa, sauti imejaa utiifu. Nilitoka nje ya chumba kile. Nililia kwenye korido mbele za watu bila kujali, nikikumbuka lori, na mtoto aliyekalia kiti cha dereva akijibu hivyo hivyo ili mtu asimkatie tamaa.

Tukiwa njiani kurudi alizungumza mara moja tu. "Usiwaambie watu habari za mguu. Waambie gari limezeeka."

"Na mama?"

"Na mama yako mwambie hivyo hivyo."

Nilikubali, na sikupenda. Mama alijua habari za sukari, dawa zilikuwa mezani na chakula kilibadilika, lakini kuhusu mguu na lile geti hatukusema neno. Gari limechoka, tulisema. Na kitongoji hakikosi midomo. Kabla mpunga haujavunwa kila mtu alikuwa anajua kwamba gari la mzee halina breki, kwamba lilitaka kumuua mkewe, kwamba mafundi wa Kahama wameshindwa, kwamba huenda kuna mkono wa mtu. Wajawazito wakaanza kubebwa kwa bodaboda. Baba aliiosha pikapu kila Jumamosi, amevaa viatu vya kufunika kama alivyoamriwa, akaiwasha, akaiacha iungurume kidogo, akaizima. Nikiwa Katoro simu yangu haikulia tena kwa ajili ya spea. Sijawahi kutamani mteja kama nilivyomtamani yule.

Mwisho akasema iuzwe, nami nikaenda kusimamia.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Kahama, mtu wa heshima tu, mwenye kofia ya baragashia na maneno ya sokoni. Alimwamkia baba shikamoo, akaizunguka pikapu, akapiga mateke matairi, akafungua boneti, akaniuliza maswali ambayo yalinionyesha anajua kidogo. Bei ilikuwa imekwisha kutajwa kwenye simu. Tukakaa kwenye benchi la nje, baba katikati. Mama akaingia ndani kumchukulia mgeni maji ya kunywa.

"Mzee wangu," mnunuzi akaanza, "tusifichane. Hili gari huku kote linasemwa. Halina breki. Nimeambiwa lilimkosa kosa mama hapo getini. Mimi nitalichukua, lakini si kwa bei ile. Nalichukua kama chuma."

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa na orodha nzima kichwani, pedi, laining, raba, masta, busta ya Mwanza, na nilikuwa tayari kumfungulia magurudumu yote manne pale pale uani ili aone anachokiita chuma. Nikafungua mdomo. Baba akaniwekea mkono gotini, akasimama.

"Gari hili lina breki," akasema. "Hakuna gari Kahama lenye breki kama hizi."

"Lakini mzee, watu wanasema—"

"Watu wanasema nilichowaambia mimi. Nimewadanganya." Mama alikuwa ametokea mlangoni na jagi mkononi. Baba hakumwona, au alimwona na akaamua kuendelea, sijui. "Siku ile sikukanyaga breki. Mguu wangu huu umekufa, hausikii kitu. Nilikuwa nimekanyaga mafuta nikidhani ni breki, na kadiri lilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kukandamiza. Nilijua pale pale lilipozimika, kwa sababu nilitazama chini nikauona mguu ulipo. Nikashuka, nikasema breki. Nikaagiza masta nyingine. Gari halina kosa lolote. Mimi ndiye niliyetaka kumuua mke wangu."

Hata mimi sikuwa nalijua hilo. Nilidhani alikanyaga kwa udhaifu, nilidhani aliteleza. Mnunuzi alivua baragashia yake, akaishika mapajani, akatazama ardhi.

Mama aliliweka jagi juu ya boneti ya ile pikapu. Akamwendea baba, akamshika mkono wa juu ya kiwiko, akamrudisha kwenye benchi taratibu kama anavyokalishwa mtu aliyetoka safari ndefu.

"Nilisikia injini ilivyonguruma," alimwambia. "Gari linalosimama halingurumi hivyo. Nilijua tangu niko kwenye miiba, nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Kisha akakaa karibu naye, mkono wake bado uko pale pale, na maji ya mgeni akasahau kuyamimina.